Nyota ya Karatasi

Katika vitu vyote viingiavyo nyumbani wakati wa sikukuu hapana kilicho rahisi kwa bei wala dhaifu kwa umbo kuliko karatasi. Mchele huliwa ukashibisha, nguo mpya huvaliwa hata ikachakaa, mbuzi husifiwa kabla ya kuchinjwa na baada ya kuliwa. Lakini karatasi hukatwa, hutundikwa, hutazamwa siku chache, kisha hufagiliwa pamoja na maganda ya machungwa. Juu ya hayo, watu wa nchi nyingi wameichagua hiyo hiyo kuwa pambo la siku zao kuu. Watu wa Meksiko huitoboa kwa patasi ndogo mpaka ikafanana na lesi, wakaining'iniza juu ya njia. Wafilipino huivika juu ya vijiti vya mianzi ikawa taa ya nyota ya Krismasi. Wajapani huandika haja zao juu ya vipande vya karatasi na kuvifunga katika matawi ya mianzi siku ya Tanabata. Watoto wa pwani yetu nao huibandika juu ya chelewa za mnazi wakaipeleka angani kwa uzi, na tiara ikisha kupaa hapana aulizaye karatasi yake ilitoka katika gazeti gani.

Yamkini sababu ni umaskini, kwa kuwa karatasi hupatikana hata kwa asiye na kitu. Mimi nadhani iko sababu ya pili. Karatasi ni kitu cha sikukuu ambacho mtoto aweza kukiharibu bila ya kumtia mtu hasara. Nyama hapewi aikate, kitambaa cha nguo mpya hapewi akishone, na jikoni hufukuzwa kwa kuhofiwa mafuta ya moto. Akipewa karatasi na mkasi huacha kuwa mgeni wa sikukuu akawa mmoja wa wenyeji wake.

Sina nia ya kuandika habari za mapambo yote. Nataka kusema juu ya moja tu, ambalo nimelijua tangu utoto wangu katika wilaya ya Rungwe, na ambalo Desemba iliyopita lilinifunza neno nisilolipata katika vitabu vyangu. Ni nyota ya karatasi yenye ncha 25 ambayo Wamoraviani wa nchi mbalimbali huitundika makanisani na majumbani tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio mpaka Epifania, tarehe 6 Januari.

Nyota hii haikutoka kwa fundi wala kwa mchoraji. Ilitoka darasani. Kwa habari zinazokubaliwa na wengi, ilianza katika miaka ya 1830 katika shule ya bweni ya wavulana huko Niesky, katika Ujerumani ya mashariki, nayo ilikuwa somo la hesabu: mwalimu aliwataka wanafunzi wake wayaone maumbo kwa mikono badala ya kuyaona ubaoni tu. Niesky hauko mbali na Herrnhut, mji ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, na ambao mwaka 2024 uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia pamoja na miji mingine ya Wamoraviani. Mwishoni mwa karne ya 19 mtu mmoja wa Herrnhut, Pieter Hendrik Verbeek, aliyekuwa amejifunza kuitengeneza nyota hiyo shuleni, alianza kuiuza, na mpaka leo kiko kiwanda Herrnhut kinachoitengeneza kwa mikono. Basi hata pambo hili lililozaliwa kwa mikono ya watoto halikukawia kupata bei.

Lakini sehemu ya habari hii inayonigusa si ya biashara. Wamoraviani walianza kupeleka wamisionari ng'ambo mwaka 1732, na desturi yao ilikuwa kuwarudisha watoto wao Ulaya wangali wadogo ili wasome katika shule za bweni za kanisa; shule ya Kleinwelka ilijulikana hasa kwa kupokea watoto wa namna hiyo. Mtoto aliagana na mama yake bandarini, na miaka mingi ikapita kabla ya kuonana tena, na pengine hawakuonana. Imepokewa kwamba watoto hao ndio walioikuza desturi ya kutengeneza nyota wakati wa Majilio, wakati ambapo kila mtoto humkumbuka aliyemzaa. Mwaka 1891 wamisionari wa kwanza wa Moraviani walifika Rungwe, na tangu hapo milima yetu ikaingia katika hesabu ya mahali pa mbali walipokaa wazazi wa namna hiyo. Nimejiuliza mara nyingi juu ya kanisa lililokuwa likikusanya watoto wa watu wengine chini ya miti, likiwafundisha kusoma na kuimba, ilhali watoto wake lenyewe limewaweka mbali na mama zao. Sitaki kulihukumu kwa sheria za leo. Nasema tu kwamba nyota nzuri namna ile haikukunjwa na watoto wenye furaha tupu.

Sasa niseme jinsi inavyotengenezwa, maana msomaji asiyejua kazi yake hataelewa habari itakayofuata.

Nyota ina umbo la ndani lisiloonekana. Chukua umbo lenye nyuso 26, yaani nyuso 18 za mraba na nyuso 8 za pembetatu, zote zenye ubavu mmoja sawasawa. Kiunoni mwake ipo mikanda ya miraba minane iliyozunguka. Juu ya kiuno ipo duara nyingine ya miraba minne na pembetatu nne zikipokezana. Juu kabisa upo mraba mmoja wa kufunika. Na chini ni vivyo hivyo. Juu ya kila uso simamisha ncha ya karatasi iliyo tupu ndani, mfano wa piramidi ndefu. Mraba mmoja wa juu uache wazi ili taa ipite. Hesabu yako itakuwa ncha 17 za pembe nne na ncha 8 za pembe tatu, jumla 25. Watoto wengi husadiki kwamba ncha ni 25 kwa sababu Krismasi huwa tarehe 25, na watu wazima hawawakatazi. Lakini hesabu hiyo imetoka katika umbo lenyewe, na kalenda haikuulizwa.

Kila ncha hukatwa katika kipande kimoja cha manila. Hufungwa uzi katika penseli, ncha ya pili ya uzi ikashikwa kwa pini, na kuchorwa tao lenye urefu wa sentimita 18 kutoka katika pini. Juu ya tao hupimwa hatua za sentimita 6, hatua nne kwa ncha ya mraba na tatu kwa ncha ya pembetatu, na kila alama huunganishwa na pini kwa mstari. Hutokea umbo kama upepeo. Ubavuni huachwa ukingo mwembamba wa gundi, na kitakoni huachwa vipande vidogo vya kukunjia ambavyo baba yangu huviita masikio. Mwanangu mkubwa alifanya hesabu akaniambia kwamba nyota nzima ina pembetatu 92, yaani mara nne 17 na mara tatu 8, zote za kimo kimoja. Nilipomwona akiandika hesabu ile pembezoni mwa gazeti katika mwezi wa likizo, bila ya kulazimishwa na mtu, nilinyamaza kimya nisije nikaiharibu.

Tazama pia maneno ya kazi hii. Karatasi ni neno la Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani. Mkasi ni wa Kiarabu. Gundi imetoka Bara Hindi. Penseli, pini na rula ni za Waingereza. Vyombo karibu vyote ni wageni. Lakini ukiuliza mikono inafanya nini, utajibiwa kwa maneno ya wenyeji: kunja, pinda, toboa, funga. Mgeni aliingia nyumbani na mzigo wake, na mwenyeji akamwonyesha la kufanya nao. Kwa hiyo sikubaliani na wale waniambiao kwamba nyota ya karatasi ni mambo ya Kizungu yasiyotuhusu. Wakiikataa kwa sababu hiyo, na wairudishe karatasi yenyewe, na mkasi, na tai waliyoivaa wakati wa kusema maneno hayo.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Nyota hii alifundishwa alipokuwa mwanafunzi, katika miaka ya 1960, na mwalimu mmoja mgeni, naye akaifundisha kwa maelfu ya watoto wasio wake na watano walio wake. Katika utoto wangu manila ilipokosekana tulikata kalenda kuukuu na karatasi za mifuko ya saruji, na uji wa unga wa ngano ukawa gundi. Baba alikuwa na maneno yake ya kazi, na nilipokuwa nikikusanya msamiati wa mafundi wa nyumbani kwa ajili ya masomo yangu niliyaandika katika daftari: masikio, kitako, upepeo, mfuo, na mengine kumi. Mfuo kwake ni alama inayopigwa kwa mgongo wa kisu juu ya mstari kabla ya kukunja, ili karatasi iiname mahali pamoja bila ya kuvunjika. Nililiandika hivyo, na maelezo yangu yalikuwa sahihi.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kuume ulikufa, mguu ulirudi nusu, na ulimi ulifungwa. Akili yake haikuondoka. Anafahamu kila neno aambiwalo, anacheka mahali pa kuchekea na kukunja uso mahali pa upuuzi. Lakini akitaka kusema, katika maneno yote aliyokuwa nayo, yaliyokuwa mengi na mateule, hutoka moja tu. Hilo neno ni "bado". Akitaka maji husema bado. Akimwona mjukuu wake amefika kutoka Dar es Salaam husema bado, na machozi yakamtoka. Madaktari wanalijua jambo hili, kwamba mgonjwa wa namna hii aweza kubakiwa na neno moja, na hapana ajuaye kwa nini neno hili likabaki na lile likaenda. Mimi, ambaye chakula changu hutokana na maneno, nilikaa na jambo hilo usiku mwingi.

Wageni wa Desemba walikuja kumwamkia kama ilivyo ada. Wengi ni watu wema. Waliketi sebuleni wakamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi, na yeye akajibu bado, nao wakatazama chini, kisha wakageuka wakazungumza nami habari zake mbele yake. Sikuwalaumu, maana mazungumzo yana desturi ya kumpita asiyeweza kuyajibu, kama maji yanavyolipita jiwe. Lakini nilimwona akizidi kuwa mdogo katika kiti chake kila siku.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi binti yangu, ambaye ni kitinda mimba, alileta meza ndogo karibu na kiti cha babu yake akaweka juu yake manila sita, mkasi, uzi na kisu. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ameambiwa miaka yote kwamba nyota ni kazi ya Babu, naye aliona mwezi umeingia na kazi haijaanza. Nilitaka kumzuia, nilikaa kimya. Mzee alitazama vyombo kwa kitambo, akanyosha mkono wa kushoto, akasogeza kisu kando na kumsukumia mtoto uzi. Kwanza uzi, ndipo kisu.

Tangu siku ile kazi ilikwenda jioni tisa. Walitunga lugha yao wenyewe: kugonga meza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na bado ni bado. "Babu, nikate hapa?" Bado. "Nikunje kwanza?" Meza iligongwa mara moja. Ajabu ya mambo ni kwamba hapa, katika nyumba nzima, neno lake la pekee lilikuwa neno lililofaa. Mtoto mwenye mkasi mkononi anahitaji kuambiwa bado kuliko kitu kingine chochote. Sebuleni lilikuwa neno la mgonjwa. Mezani lilikuwa agizo la mwalimu, na wanangu walilitii kama wanafunzi wake wa zamani walivyolitii.

Ilipofika zamu ya mfuo nilikwenda nikaleta daftari langu ili niwasaidie. Niliwasomea maelezo. Binti yangu alipiga mfuo kama nilivyosoma, na karatasi ikakatika; akarudia kwa mkono mwepesi, ikajikunja upande. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakufaa kitu. Baba alichukua kidole cha mtoto kwa mkono wake wa kushoto, akakipitisha juu ya mfuo aliokuwa ameupiga mwenyewe kwa shida, mara moja, mara mbili, mpaka kidole kikajua kina chake. Baada ya hapo mtoto hakukosea tena. Nilifunga daftari. Silidharau, wala siidharau kazi ya kuandika maneno. Lakini nimewaambia wanafunzi wangu tangu siku ile kwamba yako maneno ambayo maana yake imekaa katika ncha ya kidole, na mtunga kamusi akiyaacha huko hakutimiza kazi yake, na akiyaleta kwenye ukurasa amekuja na nusu.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yalikuwa laini. Mwanangu mkubwa, aliye na haraka ya umri wa miaka kumi na miwili, alikata ncha tatu zenye kitako cha sentimita 6 na milimita 2, akadai kwamba milimita mbili si kitu. Kazi ya kuunganisha ina adili yake: masikio ya ncha jirani huwekwa uso kwa uso ndani ya nyota na kushikwa kwa kibanio cha karatasi, nayo maungio ni 44. Makosa madogo hayaonekani katika maungio ya kwanza. Husafiri. Yalipofika kwenye mraba wa mwisho yalikuwa yamekutana na kuwa pengo la kupitisha kidole. Kijana alitazama pengo, akamtazama babu yake. Mzee alisema bado, na safari hii hapana aliyehitaji tafsiri. Ncha tatu zilikatwa upya.

Katika magazeti ya likizo nimesoma mashauri mengi kwa wazazi juu ya kuwashughulisha watoto kwa karatasi: kofia ya dakika kumi, mnyororo wa dakika kumi na tano. Si mabaya. Mama mwenye genge sokoni hana jioni tisa za kutoa, na akinunua nyota ya plastiki Kariakoo hapana mwenye haki ya kumcheka. Lakini kazi iliyo nyepesi mno aghalabu ni hongo apewayo mtoto ili awaache wakubwa wazungumze. Mtoto aijua hongo. Huipokea, huimaliza, kisha hurudi kuuliza la kufanya. Kazi ngumu humhitaji mkubwa aketi naye, na wakati mwingine mkubwa ndiye aliyekuwa akingoja kuhitajiwa.

Juu ya taa naongeza neno kwa wenye kutaka kujaribu. Zamani tulitumia kandili ndogo, na nyota mbili za utoto wangu ziliteketea mbele ya macho yetu. Leo balbu za kisasa hazitoi joto kubwa, na nyota ya manila hukaa salama usiku kucha, mradi balbu isigusane na karatasi. Manila nyeupe hupitisha mwanga vizuri kuliko nyekundu. Katika mvua za Desemba za Rungwe isitundikwe barazani.

Yetu ilitundikwa sebuleni, juu ya kiti cha mzee, Jumapili ya tatu ya Majilio, yaani wiki mbili baada ya wakati wake. Wageni waliofika walitazama juu wakauliza imetengenezwa na nani, na wanangu wakaonyesha kwa kidole. Ndipo maswali yakaelekea pale yalipostahili kuelekea, na meza ikagongwa mara nyingi jioni ile. Dada yangu alimwuliza kama ncha ya juu haikupinda kidogo. Aligonga mara mbili kwa hasira.

Tarehe 6 Januari tuliibomoa. Vibanio vilitolewa vyote 44, na ncha zikapangwa moja ndani ya nyingine kama kofia, za pembe nne mbali na za pembe tatu mbali, na binti yangu akaandika namba kwa penseli ndani ya kila kitako ili kila moja ijue jirani zake. Juma lililopita nilifungua sanduku. Ncha mbili, namba 9 na namba 14, zimeliwa na mende kwa sababu kijana alizibandika kwa uji siku gundi ilipokwisha. Manila nimekwisha nunua, na binti yangu ameulizia mara mbili shule zinafungwa lini.